Maji yameingia ndani usiku mmoja, fundi kaniandikia milioni 11.4. Hii bei ni halali au napigwa?

#1 Baba Kauthari
Wakuu habari za mihangaiko. Naenda moja kwa moja. Nakaa Boko, Dar, mvua ya juzi maji yameingia ndani yakafika karibu na magoti, yakalala mpaka asubuhi ndo yakaanza kutoka. Nyumba ni vyumba vitatu, sebule, jiko na korido, tofali za saruji, chini taili. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza kaja na karatasi kabisa: kung'oa taili zote aweke mpya, kubomoa plasta mita moja kwenda juu nyumba nzima apige upya yenye dawa ya kuzuia maji, skimu (ule unga wa kulainisha ukuta) na rangi, milango minne ya ndani, kabati la jiko, waya na soketi za chini, na gypsum ya dari. Vifaa milioni 7.2, ufundi 4.2, jumla 11.4. Wa pili hakuandika chochote, kazunguka mikono mfukoni akasema "boss nipe mbili na nane nikukwangulie nipige rangi ikae kama jana". Sasa kati ya 2.8 na 11.4 kuna nyumba ya mtu mwingine hapo katikati. Waliowahi kupitia hili mlilipa kiasi gani na mlifanya nini?

#2 Kijiko cha Chuma
Nimeweka kambi hapa, na mimi yamenikuta. Wajuzi waje.

#3 Mpiga Nondo
Swali moja tu kabla hatujafika mbali. Maji yamefika magotini. Gypsum iko juu. Imelowaje mkuu?

#4 Sista Du wa Goba
#3 umenivunja mbavu 😂😂 labda ilistuka

#5 Baba Kauthari
#3 hahaha umeniwahi. Chumba cha watoto bati linavuja kwenye msumari, gypsum ina doa kama sahani mbili hivi. Ila kweli karatasi imeandika gypsum "nyumba nzima", sikuliona hilo mpaka umesema.

#6 Mpiga Nondo
Basi tayari hapo tumeshakuokolea hela. Doa la sahani mbili unabadilisha bodi moja au mbili, gypsum bodi moja haizidi elfu ishirini na tano hapo madukani kwenu, na kabla ya bodi unaziba bati. Usianze na bodi bati likiwa linavuja, utarudi hapa mwezi wa nne.

#7 Fundi Mkimya
Mimi ni fundi ujenzi, si dalali wa mtu, naongea kwa hesabu. Nyumba ya hivyo ukipima kuta zote za ndani, pande zote, unapata kama mita 80 za urefu. Ukibomoa mita moja kwenda juu ni mita za mraba 80. Plasta ya milimita 15 kwa ratio ya moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne) inakula mifuko kumi na mbili ya saruji ukiweka na ya kumwagika, kwa bei ya sasa hivi Dar kwenye elfu 17 hapo ni kama laki mbili na kitu. Mchanga kenta moja na unabaki. Kubomoa na kutoa kifusi nachaji 3,000 kwa mita, kupiga plasta 5,000. Ufundi wa plasta yote ni laki sita na arobaini. Taili mita 70 ufundi wa kulaza 8,000 ni laki tano na sitini, kung'oa za zamani weka laki mbili na nusu kwasababu zinang'oka na zege lake. Rangi na skimu weka laki saba ukiwa mkarimu. Milango, umeme, kabati, ongeza. Siwezi kufika milioni 4.2 ya ufundi hata nikilala site. Mimi ningesema 2.5.

Ila huyo wa 2.8 kila kitu naye anakudanganya, tena ni hatari zaidi. Akipiga rangi juu ya plasta iliyolowa miezi mitatu haifiki, itabanduka kama ngozi ya nyoka.

#8 Kijiko cha Chuma
#7 asante sana fundi. Hii ndo kitu tunataka.

#9 Mzee Baraka T
Fundi Mkimya heshima yako, lakini kwanini ang'oe taili? Taili ya kaure haifanywi kitu na maji. Mimi nilipita na sarafu ya mia mbili nagonga moja moja nyumba nzima, inayolia tupu naweka alama ya chaki, inayolia ngumu naiacha. Sebule nzima zilikuwa nane tu. Nilinunua boksi moja. Grauti, ile ya kuziba kati ya taili na taili, nikaikwangua nikaijaza upya maana ndo inayobeba uchafu. Fundi wangu naye alitaka kung'oa zote, nikamuuliza unang'oa kwanini akasema "mzee inapendeza zikifanana".

#10 Fundi Mkimya
#9 uko sahihi kabisa mzee wangu, mimi nilikuwa nafuata karatasi ya mleta mada. Gonga kwanza.

#11 Tabasamu la Ilala
Na mimi nauliza, hiyo plasta kwanini ibomolewe? Saruji si inakauka tu? Fungua madirisha, weka feni, subiri. Watu mnapenda kuvunja.

#12 Houston Kwetu
Salaam kutoka Texas. #11 huku kuta ni gypsum juu ya mbao kwahiyo wanakata futi mbili au nne kutoka chini na kutupa, halafu wanaleta mafeni makubwa na mashine za kunyonya unyevu wanaziacha zinaunguruma mchana na usiku, na kila mashine inachajiwa kwa siku. Wanasema ukungu unaanza ndani ya saa 24 mpaka 48 usipokausha. Mwaka 2021 mwezi wa pili ile baridi iliyogandisha mabomba Texas, letu lilipasuka juu ya dari. Bili ya kukausha tu, kabla hata ya kurudisha kuta, ilikuwa zaidi ya dola elfu nne. Bima ya nyumba ililipa maana bomba kupasuka ghafla inalipwa. Ingekuwa mafuriko isingelipa hata senti, mafuriko ni bima nyingine ya serikali kuu, jengo mwisho dola laki mbili na nusu, na ukiinunua leo kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, yaani huwezi kuikimbilia ukiona mawingu.

Lakini kitu kimoja kinafanana na huko: wanaanza kuuliza ni maji gani. Ya bomba safi bei yake, ya mashine ya kufulia bei yake, yaliyochanganyika na choo bei yake na godoro halisafishwi, linatupwa.

#13 Sista Du wa Goba
Dola elfu nne za kupepea ukuta 🙆 mimi kwa hiyo hela najenga uzio

#14 Mama Wawili Kigamboni
#12 hapo kwenye choo ndo penyewe. Baba Kauthari maji ya mafuriko ya mjini sio maji ya mvua, ni makaro yote ya vyoo vya mtaa yamekutana sebuleni kwako. Watu wanawaza rangi wanasahau klorini. Sisi tulitoa tope, tukasugua kuta na sakafu kwa maji ya klorini, magodoro na sofa la kitambaa nikalia nikatupa. Dada yangu yeye aliona hasara akalianika godoro juani, watoto vifua viliwabana mwezi mzima. Weka na hela ya lori la kunyonya karo, karo likijaa maji ya mvua choo hakishuki, sisi tulilipa laki moja na ishirini na dereva akataka ya soda.

#15 Baba Kauthari
#14 asante shemeji, hili la karo halipo kwenye karatasi zote mbili na choo kweli hakishuki.

#16 Umeme Sio Mchezo
Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyegusa umeme. Mkuu umewasha main switch? Kama soketi zililowa USIWASHE. Maji yanaingia kwenye yale mabomba ya waya ndani ya ukuta na yanakaa humo, nje pakavu ndani bwawa. Fundi mwenye leseni aje na mashine ya kupima insulation, yaani kama ganda la waya halivujishi umeme, apime laini moja moja, inayofaulu inabaki, isiyofaulu anavuta waya mpya. Hapo hulipi nyumba nzima. Soketi zote zilizoguswa na maji tupa, hata kama zinafanya kazi, zinaota kutu ndani na zinakuja kuunguza baadae. Na ukirudisha, soketi za chini wazipandishe mpaka kiunoni, maana masika mengine yapo.

#17 Tabasamu la Ilala
#7 #12 sijajibiwa. Za kwetu ni saruji sio gypsum. Kwanini nivunje.

#18 Fundi Mkimya
#17 unavunja ile iliyoachia tofali na ile yenye chumvi. Plasta nzima ngumu unaiacha, kweli. Lakini mleta mada karatasi yake inasema mita moja nyumba nzima, na nilikuwa nahesabia hiyo.

#19 Baba Kauthari
Hapo kwenye chumvi ngoja niongeze kitu maana naona ni muhimu. Korido, ukuta unaotazama kwa jirani, hata kabla ya mafuriko ulikuwa unatoa unga mweupe na rangi inavimba, kuanzia chini mpaka kama kwenye swichi. Nimeshapiga rangi sijui mara ngapi. Fundi wa 11.4 anasema ni mafuriko, nikamwambia mbona hata kiangazi upo, akanyamaza.

#20 Mpiga Nondo
Duh, sasa ndo umefungua mada yenyewe. Huo sio mafuriko. Msingi wako haukuwekwa DPC, ile nailoni nyeusi kati ya msingi na ukuta. Maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali kama utambi wa kibatari. Utapaka rangi mpaka wajukuu.

#21 Kapteni Mbweni
Sikubaliani na #20. Mimi nakaa ukanda huohuo, DPC niliweka kwa macho yangu na ukuta unatoa chumvi. Ni mchanga. Malori ya usiku yanauza mchanga wa ufukweni kwa bei ya mchanga wa mto, una chumvi, kila ukipata unyevu chumvi inatoka nje inaota inasukuma rangi. Onja hata kwa ulimi.

#22 Sista Du wa Goba
Baba Kauthari tupe mrejesho wa kuonja ukuta 😂

#23 Fundi Bomba Kimara
Wote mnavunja kabla ya kupima. Inaweza kuwa bomba. Fanya hivi leo usiku: funga koki zote za ndani, hakikisha hakuna anayetumia maji, nenda kwenye mita, kuna kipembetatu kidogo chekundu pale kwenye kioo. Kama kinazunguka hata polepole, kuna mahali maji yanatoka. Ya pili, chukua nailoni ngumu kipande cha futi moja, bandika kwenye ukuta mkavu kiasi, solotepu pande zote nne isipite hewa, acha siku mbili. Ukikuta matone kwa ndani upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa tu, fungua madirisha. Hakuna gharama hapo.

#24 Jirani Mwema
Au karo la jirani. Ukuta unatazama kwa jirani, si umesema mwenyewe. Karo lake liko mita ngapi kutoka kwako?

#25 Baba Kauthari
#24 sijawahi kuwaza. Liko karibu sana na uzio. Na amejaza kifusi kwake mwaka juzi, kiwanja chake kiko juu kuliko changu sasa, maji yote ya uwani kwake yananijia mimi.

#26 Mzee Baraka T
Hii ya kifusi ndo ugonjwa wa mji mzima. Kila anayejenga mwisho anainua, aliyejenga kwanza anakuwa beseni. Na barabara ya mtaa nayo ikichongwa inapandishwa. Nyumba yangu ilikuwa juu mwaka 98, leo naishuka kwa ngazi mbili.

#27 Chaurembo
Tuseme ukweli tu, mleta mada ulinunua kiwanja kiangazi. Dalali alikwambia "hapa upepo mwanana". Boko, Basihaya, Tegeta, Kunduchi, bondeni ni bondeni. Yale mafuriko ya 2012 tuliona Jangwani watu juu ya mabati na bado tunanunua mabondeni.

#28 Mpiga Nondo
#27 ilikuwa Desemba 2011. 2012 ndo waathirika wakapelekwa Mabwepande.

#29 Wa South C
Habari zenu, jirani yenu wa Nairobi. Mwaka 2024 mwezi wa nne sisi tulipata yetu, nyumba ya chini ya apatimenti. Mwenye nyumba akasema hasara ni ya mpangaji, mpangaji akasema ni ya mwenye nyumba, mwisho ukuta ukapakwa rangi na vitu vyangu hakuna aliyelipa. Ila waliokaa kando ya mto walibomolewa kabisa, serikali ikasema mita 30 kutoka mtoni. Mleta mada hakikisha hauko ndani ya hizo 30 kabla hujaweka milioni 11 kwa nyumba.

#30 Kapteni Mbweni
#29 karibu sana ndugu. Kwetu huku ni mita 60, sheria ya mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Na hiyo ni mto na ufukwe pia.

#31 Chaurembo
#30 mita 60 kutoka ufukweni 😂😂 sema kwa sauti ya chini mahoteli wasisikie

#32 Dada wa Bima
Nafanya kazi kwenye bima, siuzi kitu hapa. Wengi wakisema "nyumba ina bima" wana bima ya moto, kwasababu benki iliwalazimisha wakati wa mkopo. Mafuriko mara nyingi ni nyongeza unaiomba iandikwe, na vitu vya ndani ni kitu kingine tena. Soma karatasi yako leo. Kama ipo: piga picha kabla ya kudeki, pamoja na mstari wa maji ukutani, toa taarifa haraka, usitupe vitu kabla mtathmini hajaviona au hajakubali kwa maandishi, na tunza risiti.

Halafu kuna hili linawaliza watu. Nyumba ya milioni 80 umeikatia bima ya milioni 40 ili ulipe kidogo. Hasara ikiwa milioni 10 unalipwa 5, maana uliikatia nusu. Watu wanadhani tunawaibia.

#33 Tabasamu la Ilala
#32 mnatuibia

#34 Dada wa Bima
#33 🙂 kuna msuluhishi wa migogoro ya bima, peleka huko.

#35 Kijiko cha Chuma
Jamani turudi kwenye bei. Milango? Yangu imevimba haifungi.

#36 Fundi Mkimya
#35 ni ya nini? Kama ni mninga au mkongo iache, usiipige randa sasa hivi. Itoe, ilaze kivulini juu ya vipande vya mbao, ikikauka inarudi yenyewe. Ukiipiga randa ikiwa imevimba, ikikauka utapitisha mkono pembeni. Kama ni ile ya maboksi iliyobandikwa karatasi ya mbao, hiyo imekufa. Kabati la jiko la MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, nalo limekufa, likivimba chini halirudi. Ukitengeneza jipya weka miguu ya tofali na taili chini, MDF ianzie juu.

#37 Kijiko cha Chuma
Ni ya maboksi. Asante kwa kuniua.

#38 Baba Kauthari
Wakuu mrejesho. Jana usiku nimefunga koki zote, nimeenda kwenye mita na tochi. Kipembetatu kinazunguka, polepole sana, kinasimama kinaanza tena. Mke wangu anasema ni macho yangu.

#39 Fundi Bomba Kimara
#38 kinasimama kinaanza? Hilo linaweza kuwa boya la choo linapitisha, tanki linajijaza kidogo kidogo. Funga koki ndogo ya kila choo, urudi kwenye mita.

#40 Mpiga Nondo
Bado nasema DPC.

#41 Kapteni Mbweni
Na mimi bado nasema mchanga.

#42 Mama Wawili Kigamboni
Nyie wanaume mnabishana, mwenzenu choo hakishuki. Umeita lori?

#43 Baba Kauthari
#42 limekuja shemeji, laki na thelathini, choo kinashuka. #39 nimefunga koki ya choo cha wageni, mita imesimama kabisa. Sasa nimefurahi halafu nikachanganyikiwa, maana choo cha wageni kiko upande wa jikoni na ukuta unaotoa unga ni wa korido upande wa pili. Nailoni nayo imetoa matone upande wa ukuta.

#44 Fundi Bomba Kimara
Maji hayaendi yalipo kasoro, yanaenda yanapopata njia. Yanaweza kutembea chini ya taili yakatokea korido. Ila kama ni boya tu yanaishia kwenye bakuli la choo, hayalowanishi ukuta. Aliyekuwekea bomba alipitisha wapi laini ya choo hicho?

#45 Jirani Mwema
Na karo la jirani bado lipo palepale, mita yako haiwezi kulipima hilo.

#46 Baba Kauthari
#44 aliyeweka bomba yuko Songea na simu hapokei. Nimeongea na fundi wa tatu kwa hesabu za #7: taili nabadilisha zinazolia tupu tu, plasta inayobomolewa ni iliyoachia tu, gypsum bodi mbili, umeme kapima laini mbili ndo mbovu, milango miwili. Jumla kaniandikia milioni 3.9 bila kabati. Rangi nimemwambia asiguse mpaka kuta zikauke. Korido tunavunja Jumamosi futi moja tuone tofali la chini lina nini, hiyo kataka elfu hamsini pembeni.

#47 Mzee Baraka T
Elfu hamsini kuvunja futi moja? Mwambie thelathini.

#48 Kapteni Mbweni
Ukivunja chukua mchanga kidogo kwenye hiyo plasta, utie kwenye maji safi, yachuje, yachemshe yakauke kwenye sufuria. Kikibaki kitu cheupe chenye ladha ya chumvi njoo uniombe radhi mimi na #20 aniombe pia.

#49 Mpiga Nondo
#48 na nailoni nyeusi isipokuwepo hapo chini unaniomba radhi wewe. Jumamosi saa ngapi?